Mgeni Tuliyempa Jembe

Amekufa yule baba wa duka la chumvi na sabuni, lile lililotazamana na bustani ya mji. Wengi mnaosoma safu hii mlinunua kwake, na wengine mlikopa. Presha ilimwangusha asubuhi akifungua mlango wa duka, na pikipiki ilipomfikisha hospitali alikuwa ameshakata roho. Siku ileile nilisikia watu wakipashana habari barabarani: "Ule mugeni wa Kivu amekufa." Mgeni! Mtu aliyeingia mji wetu huu wa Kindu wakati wa vita, akazaa hapa, akaota mvi hapa, tumemwita mgeni mpaka tunamtia kaburini. Kwa kawaida mtu akifa huandika kwa upole. Leo upole sina, na anayeutafuta afunue ukurasa mwingine.

Kwao ni Kivu ya Kaskazini. Alikuja na mzigo wa sabuni, nia yake auze arudi, kisha mapigano yakauzingira mji na yeye akabaki ndani pamoja nasi. Mnaokumbuka miezi ile hamna haja ya kusimuliwa. Treni haikuja, barabara zilifungwa, na kwenda shambani ilikuwa sawa na kujipeleka machinjoni. Mzigo wake ulichukuliwa na wenye bunduki. Hakuwa na ndugu wala jamaa, akawa analala kwenye baraza ya stesheni na mchana anakaa pembeni mwa bustani ya mji. Bustani yenyewe tulikuwa tumeshailima yote, maana maua hayaliwi. Kila familia ilikuwa na matuta yake ya mihogo, na hatukungoja mizizi, tulichuma majani tukatwanga sombe na kuila bila mafuta wala chumvi.

Matuta yetu yalipakana na ya mama mmoja ambaye siku hizi anakaa Alunguli, ng'ambo ya mto. Mama huyo alimtazama yule mtu siku mbili, amekaa tu, haombi, haibi. Siku ya tatu akamfuata na jembe mkononi. Sote tunaijua ile methali, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na sote huwa tunaitumia kumsema mgeni aliyenenepa kwa chakula cha wenyewe. Mama aliitamka kama mtu anayemkaribisha mwenzake mezani. Alimkatia matuta kutoka kwenye yake mwenyewe, nao watoto wake walikuwa wanalala wakilia njaa. Mume wake alimgombeza mbele yetu. Mama akamjibu kwamba mwenye kulima si mgeni tena, ni jirani, na jirani hafi njaa huku unamwangalia.

Amani iliporudi, wengi waliokwama mjini kama yeye walipanda malori na ndege wakarudi kwao. Yeye alimwita mkewe aje. Akapanga chumba na duka mkabala na bustani, na matuta yalipoachwa akaenda ofisi ya mji kuomba ruhusa ya kupanda miti. Alipanda miparachichi, tena aliipanda kufuata matuta ya zamani, kwa hiyo mstari ulikwenda upande kama mlevi, na mafundi walimcheka. Waliomshauri apande miti isiyozaa, ili watoto wasirushe mawe, aliwajibu kwa maneno ambayo nayasikia mpaka leo: "Ni hapa njo nilipewa chakula. Wacha na mwengine akule." Miti ikakua. Chini yake walikaa wote waliokuja mjini bila kujua pa kwenda: mchimba madini wa Pangi aliyeleta mke hospitali, wauza mchele wa Kibombo, vijana waliokimbia vijiji vyao na godoro kichwani. Wakishakula parachichi, yeye aliwavukia barabara na kuwaelekeza nani ana chumba, nani anatafuta fundi. Nusu ya wapangaji wa mitaa ile waliingia Kindu kwa mlango huo. Hakuna mkutano uliofanyika kuwavutia.

Sasa ngoja niwaambie mkutano uliofanyika. Mji unakua, wakubwa wakaona wakati umefika wa kuvutia wakaaji wapya, watu wenye mitaji, na kwamba hatua ya kwanza ni kupendezesha bustani. Wakatundika mabango barabarani, "Mji unahitaji wakaaji wapya", nasi tukaitwa ukumbini. Afisa mmoja wa mji, kijana mwenye maneno laini, alituonyesha picha: saruji nyekundu chini, viti vya saruji, wavu wa chuma pande zote, lango na kufuli. Miparachichi ingekatwa kwa sababu inachafua. Rafiki yangu, yule baba wa duka, alinyanyua mkono, akasimama na kofia mkononi, akauliza swali moja tu: "Mugeni akishuka leo na hana ndugu hapa, atakaa wapi kabla ya kujua mutu?"

Afisa akacheka. "Papa, tunatafuta wakaaji, hatutafuti wapita njia. Na wewe mwenyewe uko mugeni hapa."

Ukumbi mzima ulicheka naye. Niliposimama kujibu nikaambiwa muda umekwisha, soda zinapata moto. Yule baba alikaa chini taratibu, akavaa kofia yake, na sikumsikia tena akiizungumzia bustani hata siku moja. Wiki hiyohiyo wakaja na misumeno. Leo nendeni mkatazame wenyewe. Saa sita mchana viti vile vinachoma, hata mbuzi hakai. Lango hufunguliwa siku za wakubwa na siku za maharusi kupiga picha. Waliotoka vijijini wanakaa nje ya wavu, kwenye vumbi, na mlinzi akiwaona wamezidi anawafukuza.

Basi amekufa. Matanga yanahitaji uwanja, na yeye alikuwa mpangaji. Mwenye nyumba amejenga vyumba mpaka kwenye choo, pale uani huwezi kutandika hata mikeka miwili. Mama wa Alunguli akavuka mto asubuhi na mapema, akaenda ofisini kuomba ufunguo wa bustani, siku za msiba tu. Mimi nilimsindikiza, kwa hiyo simulizi hii sikuipata kwa mtu. Afisa alimpa pole, akampa na kiti. Kisha akasema haiwezekani, kuna wageni wanategemewa kutoka Kinshasa kuja kuangalia mji, na vilio vitaharibu sura. Mama alimweleza kwamba marehemu alilima pale, alipanda pale. Afisa akauliza kama kuna karatasi inayoonyesha hivyo. Mama akanyanyuka bila kuaga. Mimi nilibaki nikamwambia yule kijana maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa, na siyajutii.

Tulifunga turubai kando ya barabara, upande mmoja tumeufunga kwenye ule wavu wa chuma. Mjane alikaa kwenye mkeka, pikipiki zinampitia miguuni, vumbi linaingia kwenye sufuria za wali. Nyuma yake, ndani ya wavu, uwanja mzima mtupu. Wageni wa Kinshasa hawakuja.

Baada ya mazishi mjane na binti yake walianza kufunga mizigo. Binti huyo alizaliwa hapa, Kiswahili chake ni cha hapa, alikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule moja ya Alunguli. Huko Kivu anakokwenda hakujui ila kwa hadithi. Mama wa Alunguli alimshika mkono akamwomba abaki, akamwambia nyumba yake ni nyumba yao. Mjane ndiye aliyejibu, na hakuwa na hasira hata kidogo. "Mama, nyiye mulitupokea. Mji njo haukutupokea."

Nimelichukua neno hilo nalirudisha kwenu mnaokaa kwenye viti vya ofisi. Kujenga hakumfanyi mtu awe mwenyeji. Wangapi wamejenga hapa na roho zao ziko kwingine. Mtu anakuwa mwenyeji siku anapofiwa na mji ukampa pa kukaa kulia. Mkimnyima hapo, hata mtandike zulia toka uwanja wa ndege mpaka mtoni, atahesabu hasara yake na kuondoka, na atakuwa na haki.

Jumatatu wale watoto wa darasa la tatu walikaa mpaka saa nne bila mwalimu, kisha wakarudishwa nyumbani. Haya, waheshimiwa, andikeni tena mabango yenu. Sasa ni kweli, mji unahitaji wakaaji wapya.