Klachi Iliyomgomea Baba

Juzi nilipita karibu na banda la mafundi wa bodaboda kule Nyamongo, na harufu ya oili ya moto iliyokuwa ikimwagwa kutoka kwenye injini ikanisimamisha. Ni harufu nzito, kama mafuta ya kukaangia yaliyoungulia kwenye chuma. Wenzangu waliendelea mbele na mazungumzo yao. Mimi nilikuwa mtoto tena, nimechuchumaa uani kwetu Susuni, nikimtazama binamu yangu Marwa akiifungua pikipiki ya baba.

Baba alikuwa akitibu ng'ombe. Watu walimwita daktari, naye kwa miaka mingi aliwafuata wagonjwa wake kwa baiskeli, sanduku la dawa limefungwa nyuma kwa mpira. Kisha akanunua pikipiki kwa mtu mmoja aliyekuwa akihama Nyamongo. Haikuwa kama za bodaboda. Ilikuwa ndefu, nyembamba, matairi yana meno, ya aina ile inayoruka makorongo na kupanda mawe. Kiti chake kilikuwa juu mno. Mama alijaribu kupanda na kitenge chake, akashuka, akasema hiyo ni ngazi na ngazi ni ya kupaulia nyumba. Mimi nilipakiwa mbele, juu ya tangi, na hakuna malkia aliyewahi kukaa pazuri kuliko pale.

Mwanzoni ilikwenda vizuri. Halafu, mahindi yalipoanza kukauka shambani, klachi ikaanza kumgomea. Baba akiivuta ili abadilishe gia, gia zilisaga kama mtu anayetafuna mfupa. Akisimama, pikipiki iliendelea kuvuta mbele kama ndama aliyemwona mama yake, kisha ikazima. Alikaza waya wa klachi, akaulegeza, akaukaza tena. Alibadilisha oili. Akawapelekea mafundi wa Nyamongo, wakamwekea waya mpya. Siku nyingine ilikwenda vizuri, siku nyingine vibaya.

Siku moja alikuwa akikimbilia ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Kwenye kijito alivuta klachi apunguze mwendo, pikipiki ikamrukia mbele, ikamtupa majini pamoja na sanduku. Chupa za dawa zilivunjika. Alifika kwa miguu, amelowa, na akakuta ng'ombe ameshakufa na ndama tumboni. Mwenye ng'ombe hakumlaumu. Alimpa hata uji. Lakini baba alirudi nyumbani akakaa nje, hakutaka chakula, na jioni ile akamwambia mama kwamba yule mtu wa Nyamongo alimuuzia pikipiki mbovu huku akijua, na kwamba atamtafuta mpaka ampate.

Mama hakubishana naye. Alituma ujumbe kwa Marwa.

Marwa alikuwa mtoto wa baba mkubwa, aliyehamia upande wa Kenya zamani, na ufundi alijifunzia huko. Alikuja na mfuko wa spana na Kiswahili chake cha ng'ambo, akatusalimia wote, akala kwanza, halafu ndipo akaitazama pikipiki. Hakuanza kufungua. Aliiwasha akaizungusha njiani, akapanda nayo mlima wa shule na kushuka. Aliporudi alisema ingekuwa pleti za klachi, zile sahani zinazobanana na kuachana ndani ya injini, zimekwisha, injini ingepiga kelele mlimani bila pikipiki kupanda. Hii ilipanda. Na gia hazikusaga hata mara moja.

Baba alisema imemwonea aibu kwa kuwa ni mgeni.

Basi Marwa akamwaga oili, akafungua ubavu wa injini, akatoa pleti moja moja na kuzilaza juu ya kipande cha kioo, akichungulia kama kuna iliyopinda. Akapitisha kidole kwenye bakuli la chuma zinamokaa, akitafuta mikwaruzo inayozinasa zisiachane. Akarudisha kila kitu. Kisha akatia gia ya kwanza bila kuwasha injini, akamwomba baba ashike klachi, aivute mpaka mwisho.

Baba akavuta. Marwa akasukuma kutoka nyuma. Tairi likagoma, likaburuta vumbi.

"Unaona?" baba akasema. "Haiachii."

Marwa akaniita mimi. "Rhobi, kuja. Tumia mikono miwili, uvute mpaka igonge."

Nilining'inia kwenye kile kishikio kwa uzito wangu wote. Marwa akasukuma, na pikipiki ikateleza laini mpaka kwenye migomba, kuku wakatawanyika. Nilipiga kelele za furaha. Nilidhani nimeitengeneza. Nilidhani nina nguvu kuliko baba, na nikageuka nimwone akicheka.

Baba alikuwa akiutazama mkono wake wa kushoto.

Marwa alimwendea, akauchukua ule mkono akaugeuza. Nyama ya kati ya dole gumba na kidole cha pili ilikuwa imebonyea. Vidole viwili vya mwisho vilikunjika, havikunyooka. Na kando ya kiganja palikuwa na lengelenge kubwa la moto, la asubuhi ile ile, alipoishika injini.

"Hii haikuumi, baba mdogo?"

Baba akauvuta mkono wake.

"Klachi iko sawa," Marwa akasema taratibu. "Twende hospitali. Mimi nitaendesha."

Walikwenda kesho yake. Ulikuwa ukoma, ambao ulikuwa umeanza kula mishipa ya fahamu ya mkono. Waliporudi mama aliingia jikoni akalia, na mimi nikafikiri analia kwa sababu ya moshi. Dawa ilikuwepo, na baba aliimeza kwa miezi mingi bila kuruka. Vidole vile havikunyooka kabisa, lakini ugonjwa ulikomea hapo. Marwa naye alirefusha kile kichuma kidogo kwenye injini kinachovutwa na waya, klachi ikawa laini, ya kuvutwa kwa vidole viwili. Majirani walipouliza, aliwajibu kwamba klachi ilikuwa ngumu na sasa ameilainisha. Hakuna aliyeambiwa zaidi.

Nilikuwa mtu mzima nilipouliza habari za mwaka ule. Nilitaka kujua kwa nini, miezi mingi kabla Marwa hajaja, baba aliacha kula nasi sinia moja, akaacha kumbeba mdogo wangu, na mimi nikinyoosha mikono anipakie mbele juu ya tangi akasema nimekuwa mzito. Miaka yote niliamini kuna kitu nilimkosea.

Tulikuwa tumekaa wawili. Baba akaniambia kwamba alipokuwa mdogo alimwona mzee mmoja mwenye ukoma akijengewa kibanda mbali na watu, akipelekewa chakula na kuachiwa chini. Alipoanza kukosa hisia mkononi alijua, au aliogopa kwamba anajua. Hakutaka kutuambukiza, na hakutaka tumpeleke kwenye kibanda.

"Kila fundi alipoigusa ile pikipiki," akasema, "nilikuwa naomba kwa Mungu aikute mbovu."