Vakansi Kwenye Mto Lowa

Habumugisha alikuwa mwongo, na kwa uongo wake nilimpenda. Wanaume wengine waliozamia dhahabu kwenye kambi yetu ya mto Lowa, wakipanda kwenye jiwe la kutafutia mtandao wa simu, waliwalilia wake zao: mbu, homa, sombe ya majani ya muhogo isiyo na chumvi. Yeye aliwaambia binti zake kwamba baba yao anafanya kazi mahali ambapo wazungu wangelipa kufika. Msitu pande zote, mchanga mweupe, hakuna kelele za gari, na yeye anazama na kioo usoni kuwatazama samaki. Siku moja nilikuwa nyuma yake nangoja zamu yangu ya kupanda jiwe, nikasikia yote. Nilimwuliza mbu amewaweka wapi. Akanijibu kwamba mbu hawaonekani kwenye picha.

Mimi ni Athanasie, mzaliwa wa Hombo. Pale kambini niliuza chai, mandazi na ndizi za kuchoma, na mdomo wangu kila mtu aliujua. Wengi niliwatukana wakacheka. Habumugisha nilimtania zaidi ya wote kwa sababu alinirudishia.

Alizaliwa Burungu, kwenye milima ya Masisi, katika ukoo wa watu wa jembe na kanisa: maharage, viazi, ng'ombe wachache. Huko kwao maji ni ya kunywesha mifugo. Hakujua kuogelea hata kidogo. Vita vilipowafukuza, mke wake Mukashema na watoto walipata chumba kwa jamaa huko Mushaki, na shamba likabaki nyuma na watu wasiojulikana. Ndipo akashuka huku Walikale, kwa kuwa alisikia mto unawapa riziki wasioogopa. Yeye aliogopa. Aliniambia mwenyewe, akinywa chai, kwamba kila asubuhi kabla ya kuingia majini alisali Zaburi ileile mpaka maneno yakaisha utamu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mashine ilikaa ukingoni, chini ya turubai. Ilivuta upepo kwa bomba fupi ubavuni mwake na kuusukuma ndani ya tiyo, ule mpira mrefu unaomfikia mzamiaji mdomoni. Mzamiaji alijifunga vyuma kiunoni ili azame, akafika chini gizani, akashika bomba kubwa linalonyonya mchanga. Kamba iliyofungwa kiunoni mwake ilishikwa na mtu wa juu. Mzamiaji akiivuta kwa nguvu, wanampandisha. Asipoivuta, wanamwacha afanye kazi, maana ukimvuta mtu ambaye hajajiandaa, kingo za shimo alilochimba zinaweza kumwangukia.

Na kulikuwa na sheria: mwanamke haruhusiwi kukaribia mashine mtu akiwa chini. Walisema mto una wivu. Nilikuwa nikiwauliza, mto gani huu wenye wivu, na mbona unakubali mandazi yangu? Lakini kibanda changu kilikuwa juu kwenye mteremko, kama walivyotaka.

Vakansi kubwa, likizo ndefu ya shule, ilipofika, Habumugisha alinaswa na uongo wake. Binti zake, Noëlla mkubwa na Tumukunde mdogo, walikuwa wamekwisha kutangaza darasa zima kwamba wanakwenda kwa baba kuzamia. Mukashema akawaleta. Walifika wamelowa matope mpaka kwenye nywele, na begani mama ana gunia la maharage ya Masisi na jibini ya mviringo aliyoifunga kwenye kitenge. Tumukunde aliangalia vibanda vya miti na maplastiki, akaangalia maji ya rangi ya chai ya maziwa, akauliza mchanga mweupe uko wapi. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Baba yake hakushindwa. Jumapili, mashine zikiwa zimenyamaza, aliwapeleka mbele kidogo, mahali kijito kisafi kinapoingia mtoni. Kweli palikuwa na mchanga, mweupe kiasi. Akamvisha Tumukunde kile kioo chake, akamshika tumboni kama anavyoshikwa mtoto anayebatizwa, akamwinamisha uso majini. Mtoto aliinuka akapiga kelele kwamba kuna samaki wadogo na mmoja amemtazama. Noëlla naye akataka. Hata Mukashema, aliyekuwa ameketi na viatu mkononi akijifanya mtu mzima, alivishwa kioo na kuchunguza miguu ya mume wake ndani ya maji. Walikula jibini na ndizi zangu juu ya majani. Nimeona watu wenye magari wakienda vakansi na kurudi wamenuniana. Hawa walirudi wanaimba.

Lakini Mukashema hakuja kwa ajili ya samaki. Alikuja kumchukua mume wake. Burungu kulikuwa kumetulia kidogo, majirani walikuwa wamerudi, na asiyepanda maharage mwezi wa tisa angekuta jembe la mwingine ndani ya shamba lake. Halafu sikio la kushoto la Habumugisha lilikuwa linatoa usaha, na ukimwita upande huo hageuki. Usiku ule Mukashema alimwomba mume wake bila kuzunguka, na asubuhi alinieleza alivyosema.

"Bwana yangu, turudi kwetu. Nimekuja kukutafuta ungali muzima."

Habumugisha akakubali mara moja. Nadhani alikuwa anangoja tu mtu wa kumwambia. Ila Esdras, mkubwa wa mashine, alimwomba amalize shimo alilolifungua, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua chini kulivyokaa; likiisha apewe sehemu yake waende na Mungu. Ilikuwa kazi ya siku chache. Mukashema akakubali siku hizo chache kama mtu anayekubali sindano.

Mvua ikaanza, mvua ya msitu isiyojua kuaga. Mto ukawa baridi. Habumugisha alikuwa anatoka majini meno yanagongana, na mke wake anamwona kutoka juu bila ruhusa ya kumsogelea. Akamfuata Esdras kumsihi. Esdras ana diploma ya serikali, na hadithi ya mto wenye wivu ilikuwa inamkera zamani. Alisema mbele ya wote kwamba ushamba huo umekwisha leo. Mama apikie pale pale chini ya turubai, watu wapate chakula cha moto, na mume wake akitoka apate mahali pa kujipasha. Byamungu, mshika kamba, akatikisa kichwa. Mimi nilisema afadhali, sheria ya kipumbavu imekufa.

Sheria haikuwa ya kipumbavu. Sababu yake ndiyo ilikuwa ya uongo, na walioijua sababu ya kweli nadhani walikwisha kufa wote.

Maharage makavu ya Masisi hayana haraka. Mukashema aliwasha babula, lile jiko lake la makala, makaa ya miti, tangu asubuhi, na makala yakawaka polepole mpaka jioni. Turubai wakaliteremsha pande tatu kuzuia mvua ya upepo. Ndani pakawa na joto zuri, wanaume wakawa wanatafuta sababu za kuingia.

Siku ya kwanza Habumugisha alitoka na kichwa kinamgonga. Walisema ni sikio. Siku iliyofuata alitapika, akapanda ukingo kwa magoti. Walisema ni malaria, akameza vidonge. Mukashema akashikwa na hofu, na hofu yake ikafanya kile ambacho mama yeyote wa milima ile angefanya: akaongeza makala. Kwao mgonjwa hupashwa joto. Nyumba zao ni za mbao, upepo wa mlimani unapita kwenye nyufa, na babula hukaa katikati ya watu mpaka kunakucha bila kumdhuru mtu. Kila Habumugisha alipozidi kuugua, ndivyo Mukashema alivyoisogeza babula karibu na pale mume wake alipokuwa anakaa akitoka majini, karibu kabisa na mashine.

Mukashema alimsihi apumzike. Alikuja kibandani kwangu kulia, akaniomba nimwambie mimi mwenye mdomo. Nilimwambia, na ukali wote nilionao. Habumugisha akanitazama kwa macho mekundu, akasema maneno ambayo sijayasahau.

"Imebakia kidogo tu, Mama Athanasie. Kesho ao kesho kutwa shimo inaisha, nabeba batoto yangu tunaenda kwetu."

Keshoye nilihitaji sufuria yangu kubwa, ambayo Mukashema alikuwa ameiazima. Niliwaacha Noëlla na Tumukunde kibandani na mandazi, nikashuka chini ya mvua, nikainua turubai nikaingia. Joto lilinipokea vizuri. Sufuria ilikuwa jikoni, maharage yanachemka. Byamungu alikuwa ameketi na kamba mkononi, kichwa amekiegemeza kwenye mti, akaniambia bila kufungua macho kwamba tangu asubuhi kichwa kinamwuma. Nikakaa kidogo, na changu kikaanza.

Ndipo nilipomkumbuka Fifi, binti wa kaka yangu, aliyelala Goma na babula chumbani, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Asubuhi walivunja mlango, wakamkuta amekufa. Nikatazama lile bomba fupi la mashine, linalovuta upepo wa kumpelekea mtu aliye chini. Mdomo wa bomba ulikuwa juu ya makala kabisa, kama mtu anayeota moto. Mwanamke huja na jiko; sheria ile ilikuwa ya jiko.

Niliuliza nani yuko majini. Mukashema alikuwa anaonja chumvi. Alisema kwa furaha kwamba ni bwana yake, na leo njo mwisho.

Nilimwambia Byamungu avute. Akasema hajaonyesha ishara. Nikamwita Esdras, aliyekuwa upande wa pili anaosha mchanga, na yeye akaanza kunieleza habari za kingo za shimo, kwamba mtu havutwi hivi hivi. Nilimshika shati.

"Esdras, ule muntu iko anakunywa moshi ya makala. Mumuvute."

Akatazama bomba. Akatazama babula. Niliona diploma yake yote ikimtoka usoni. Aliirukia kamba, akaitikisa kuuliza chini, akangoja. Hakuna aliyejibu. Wakaivuta, yeye na Byamungu na wengine waliokimbilia, na kamba ikaja kidogo ikakwama. Mtu alikuwa amenasa kwenye gogo au amefunikwa, hatukujua. Mashine hawakuthubutu kuizima. Mukashema alikuwa bado na mwiko mkononi, anauliza kuna nini. Mimi niliipiga babula teke ikaenda matopeni na sufuria yangu, na maharage, na makala yakalia kwenye mvua. Alinishangaa kuliko vile alivyoshangaa kamba.

"Mama Athanasie, akitoka, atapata joto wapi?"

Nilimwomba Mungu anifunge mdomo, na kwa mara ya kwanza alinisikia.

Kamba ikaachia. Wakampandisha, wakamlaza chini ya turubai, tiyo ikiwa imemtoka mdomoni. Esdras alimkandamiza kifua, akamwita jina, akamkandamiza tena. Byamungu alimpulizia hewa mdomoni mpaka yeye mwenyewe akaanguka kando. Mukashema alipiga magoti, akaanza kumsugua mikono. Viganja vya Habumugisha vilikuwa vyekundu, na midomo yake pia, kama mtu aliyetoka kulima juani mwenye afya yake.

"Damu iko," alisema. "Angalia mikono yake. Damu iko inarudia."

Mimi rangi ile niliijua. Hata Fifi walimkuta na wekundu ule. Mukashema alimsugua, akamsugua, akatueleza kila mmoja kwa zamu kwamba damu iko, hadi Esdras alipoacha kukandamiza na kukaa matopeni, mikono kichwani.

Byamungu ndiye aliyesema kile ambacho kambi yote ilikuwa inakisema kimoyomoyo. Kwamba ni mto njo umemkamata, na kwamba walionya kuhusu mwanamke. Nilimwinukia nikitaka kumrarua. Kisha nikasimama hapo hapo. Ningesema nini? Ili nimwondolee Mukashema uongo wa mto, ilinipasa nimpe ukweli wa makala, na mwenye makala alikuwa ni yeye. Nilitafuta jambo la tatu na sikulipata. Esdras alinitazama, nami nikamtazama, na nikajua kwamba naye amefika pale pale nilipofika.

Mukashema hakumsikia Byamungu. Alikuwa ameweka shavu lake juu ya kifua cha mume wake.

"Iko anakuwa baridi," alisema. "Munisaidie kuwasha."

Hakuna aliyeinuka. Akainuka mwenyewe, akatoka mvuani, akaisimamisha babula. Akaanza kuokota makala matopeni, moja moja, akiyapangusa kwa kitenge, na lile lililokuwa bado na chembe ya moto akalikinga kwa viganja vyake na kulipuliza. Alirudi nalo chini ya turubai, akaiweka babula pale ilipokuwa, karibu na kichwa cha mume wake, akapuliza tena.

Sikumzuia. Mashine ilikuwa bado inaunguruma, ikivuta upepo na kuupeleka majini ambako hapakuwa na mtu.