Sola za Paa la Mbele

Mdogo wangu wanamwita Fundi Jua, na akishapanda juu ya paa la mtu hana adabu hata kidogo. Nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia meneja mmoja wa benki, "Mzee, hapo unapopataka ni kivulini. Kama unataka pambo, kanunue maua." Meneja akafyata mkia.

Sasa huyo simba wa mapaa ya watu, mbele ya mama anakuwa paka. Siku anamfungia sola, mama alisimama nje na mkongojo wake, akaonyesha upande wa barabarani. "Weka hapa, baba. Wapitao waone mwanangu kanifanyia nini." Upande ule, jua likishavuka utosi, ghorofa la jirani linaufunika wote. Paa la nyuma liko wazi kutwa nzima. Nikamfinya, nikamwambia sema. Akanong'ona, "Dada, mama ni mama. Nitaongeza betri." Betri! Mtungi ukiwa mkubwa ndiyo unajaa kwa kijiko? Akafunga mbele.

Taa ya korido, ile ya kwendea chooni, ikawa inazimika kabla ya alfajiri. Mama hasemi. Akiulizwa, jibu ni lilelile: "Inawaka vizuri, baba." Mama hataki kumvunja moyo mwanawe, mwana hataki kumvunja moyo mamake. Heshima pande zote, katikati giza. Mpaka alfajiri moja mama akajikwaa kwenye kizingiti, akavunjika nyonga.

Nilimsema mdogo wangu, nilimsema mpaka mwenyewe nikamhurumia. Alikaa kwenye benchi la hospitali, anarudia, "Neno moja tu, dada. Neno moja lingenishinda nini?" Maji yakimwagika hayazoleki.

Mama alirudi nyumbani kwa kiti cha magurudumu. Madaktari walishatuambia kutembea tusahau. Mdogo wangu alikuwa anamsukuma, na walipofika mlangoni mama akainua macho, akaona paa la mbele tupu.

"Wameziiba?"

"Nimezihamishia nyuma, mama. Huku kuna kivuli."

"Kimeanza lini?"

Mdogo wangu akainamisha kichwa. "Kilikuwepo tangu mwanzo."

Mama akageuza shingo, akamtazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililommaliza kaka wa watu.

"Sasa si ungeniambia, baba? Mimi ningejuaje? Fundi si wewe?"