Nilimdanganya Mtani Wangu kwa Uzi wa Hariri

Kosa ni langu, nalisema mwanzo ili msije mkanihurumia kabla ya wakati. Jina langu msilitafute. Hapa Tabora yuko mtu mmoja ambaye akiyasoma haya atanijua, na huyo ndiye ninayetaka anijue.

Mimi ni Mnyamwezi, nina duka dogo katika mtaa wa Ng'ambo. Nauza nyuzi: za kushonea, za kufumia vitambaa vya meza, na za kudarizi kofia na kanzu. Naziagiza Bombay. Zinashuka Dar es Salaam, zinapanda gari moshi, zinakuja kukaguliwa katika chumba cha forodha pale stesheni yetu.

Karani wa chumba hicho alikuwa Mzaramo. Basi tena. Tangu babu zetu walipokuwa wakibeba pembe kwenda pwani na babu zake wakiwapokea huko, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Nikiingia ofisini kwake nilimvua kofia nikaivaa mimi. Yeye alinipekua mifukoni, akala karanga zangu huku akiniuliza, "Mpagazi, leo umetua mzigo gani?" Nami namwambia, "Nyamaza, ukoo wenu umemwibia babu yangu posho yake yote." Kukasirika hakuna.

Mama yangu alimpenda kuliko alivyonipenda mimi. Alimwita "mume wangu," na kila akimwona alimpa usia: "Siku nikifa ulale kaburini mwangu, usitoke mpaka huyu bahili akupe jogoo." Ndivyo watani wanavyozikana kwetu, kwa kicheko katikati ya kilio.

Sasa nisikilizeni habari ya ushuru. Uzi wa pamba unatozwa kidogo, wa hariri unatozwa hadi mtu akune kichwa. Na kwa kuwa pamba ya siku hizi inatiwa dawa ikang'aa, macho peke yake hayatoshi. Karani anakata kipande anakichoma. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Hariri inanuka nywele, na nchani kinabaki kijidonge cheusi.

Msimu ule wa harusi nilikuwa nimejigamba kwa mafundi wa kofia wa Isevya kwamba nitawaletea hariri kwa bei ambayo hakuna duka la mjini litakaloiweza. Maneno yakishatoka hayarudi. Nikatangaza forodhani kwamba mzigo wote ni pamba.

Mtani wangu akakata vipande viwili vya uzi wa kijani. Kimoja akakitia katika bahasha, kimoja akakiweka juu ya kisahani. Akageuka atafute kiberiti. Kiberiti nilikuwa nimekwisha kukitwaa. Akacheka, akaja kunipekua kama kawaida yetu, tukasukumana kama watoto. Katika kusukumana huko nikakiondoa kipande cha kisahanini, nikaweka cha kwangu cha pamba, kijani kama mzigo wote, nilichokuja nacho kiganjani.

Akachoma. Chumba kikanuka karatasi. Lakini akaushika uzi uliobaki, akaupapasa kwa kidole gumba, akanitazama.

"Mtani, uzi huu unateleza mno."

"Ni dawa za kiwandani hizo."

Akaacha kucheka. "Utani kando?"

Asiye na mtani hawezi kujua uzito wa maneno hayo. Mtani atakuchukulia kuku wako, atakutukania ukoo wako mbele ya wakwe, nawe utacheka. Lakini akisema utani kando, mchezo umekwisha, na jibu utakalompa ni kiapo.

Nikamwambia, "Utani kando. Ni pamba." Akagonga muhuri.

Ile bahasha nilidhani ni takataka za ofisini. Kumbe kila kipande cha pili hupelekwa Dar es Salaam kwa wakubwa wao, nao wanachoma tena. Haukupita muda mrefu akaja Bwana mkubwa wa Kizungu, akatuita sote wawili. Faini nililipa bila ubishi. Kisha akauliza ilikuwaje karani akaona pamba penye hariri.

Mtani wangu alikuwa amesimama kando ya meza. Haki ya Mungu, alikuwa bado anatabasamu kidogo. Alikuwa ananingoja niseme.

Nikasema, "Mimi muuza duka tu, Bwana. Mambo ya kuchoma nyuzi anayajua karani."

Tabasamu likaondoka. Hakujitetea hata kwa neno moja. Wakasema amekula rushwa, wakamfukuza kazi kwa sababu yangu, akatoka katika nyumba ya serikali, akapanga chumba Chemchem. Sasa anaziba pancha za baiskeli. Nami nikajifunza njia zote za mji huu zisizopita mbele ya kibanda chake.

Nilikwenda kwa padri nikaungama. Akaniambia, "Kwanza nenda ukamsafishe jina yule mtu." Sikwenda. Niliogopa kunyang'anywa leseni. Mama akawa ananiuliza, "Mume wangu mbona haji siku hizi?" Nikamjibu kazi zimemzidi. Huo nao uongo.

Masika yaliyopita mama akafariki. Kaburi likachimbwa, jogoo nikamfunga kamba tayari. Watani wengine walikuwapo, ila walijua mama alimwachia nani usia ule, wakampisha. Mara tukamwona mtani wangu anakuja, amevaa kanzu safi. Watu wakaanza kutabasamu katika machozi yao, wakasogea apate njia ya kuingia kaburini.

Hakuingia. Alikuja moja kwa moja hadi nilipo, akavua kofia yake mwenyewe, akanipa mkono.

"Utani kando, Bwana. Pole kwa msiba."

Tangu tujuane hakuwahi kuniita Bwana. Akashika jembe, akafukia pamoja na wengine mpaka mwisho, akaenda zake. Mama yangu akazikwa kimya, kama mtu asiye na watu. Jogoo akabaki kwenye kamba yake, anawika.

Baada ya matanga nilikwenda forodhani nikasema yote. Leseni wameichukua, haki yao. Kazi yake ina mtu mwingine, na huyo hawamtoi. Nimeomba angalau waandike kwamba yule Mzaramo hakula rushwa. Wameandika. Nilimpelekea habari kibandani, akanishukuru kwa adabu, akaendelea kupiga pampu.

Adabu ile ndiyo adhabu yangu. Wewe unayesoma, kama una mtani mnyang'anye kofia, mlie karanga zake, mtukane upendavyo. Lakini siku akiacha kucheka akakuuliza utani kando, mwambie kweli, hata kama itakugharimu duka. Mimi duka limekwenda vilevile, na siku ya kuzikwa kwangu sijui ni nani atakayecheka.