Beti za Mama Ndani ya Kompyuta

Miaka ile ya kuchimba dhahabu, Nyamongo nzima ilikuwa shimoni au inamsubiri mtu atoke shimoni. Mimi nilikaa steshenari kwangu na kompyuta moja ya mezani. Aliyeniita mvivu nilimjibu palepale, maana mdomo ninao.

Mama yangu alikuwa mtunzi wa kwaya ya kanisa. Nyimbo zake za Kikurya zilichapwa kwenye kompyuta na mwinjilisti mmoja, ambaye baadaye alihamia Tarime. Daftari alilokuwa ameziandika lililiwa na mchwa, na mama alishaanza kusahau beti. Zilibaki kwenye flashi tu. Ijumaa moja akaileta nimtolee nakala, kwani Jumapili ndugu zetu wa Kenya walikuwa wanakuja kuimba naye.

Nikafungua. Loo! Viboksi na alama za ajabu ukurasa mzima. Mama akashika kichwa.

Jirani yangu, fundi simu, akachungulia. "Dada, hivyo ni virusi. Futa flashi yote, halafu piga window upya."

"Thubutu! Ufute jasho la mama yangu?" Nikamtoa nje.

Nikamwomba mama aimbe ule wimbo, hata kiitikio tu. Akaimba huku akifuta machozi, nami nikifuata kwa kidole kwenye kioo. Kila kiitikio kilipojirudia, alama zilezile zilijirudia, kwa mpangilio uleule. Maneno yalikuwemo yote! Kompyuta yangu ilikosa fonti tu, ule mwandiko ambao mwinjilisti aliutumia kwa herufi za Kikurya.

Nikampigia simu mwinjilisti. Fonti anayo, ila printa ya kunitolea nakala hana. Nikapanda bodaboda hadi Tarime, nikainakili, nikarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Nikaiweka kwenye folda ya fonti, nikazima, nikawasha.

Mama akasogeza uso kwenye kioo. Akausoma ubeti uliokuwa umempotea, polepole, kama mtu anayeonja uji wa moto. Kisha akauimba kwa sauti yote. Wachimbaji waliokuwa wanapita wakasimama mlangoni na matope yao, na mmoja akauliza, "Shikamoo mama. Nani kazitoa hizo nyimbo humo?"

"Marahaba. Ni huyu," mama akasema. "Nimemzaa mwenyewe."

Nilivimba kichwa, jamani, na sioni haya kusema.