Taa za Mota ya Marehemu Mshamu

Twalha wa mtaa wa Milamba, pale Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, hakusomea ufundi. Alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu kama baba yake, na ufundi aliufuata kwa shida, kwa kukosa wa kumtengenezea. Baba yake, marehemu Mzee Mshamu, aliacha pikipiki moja, mota kuukuu ya Kijapani aliyoinunua kwa Mreno aliyekuwa akifunga duka wakati wa uhuru. Miaka nenda miaka rudi ilibeba samaki hadi Mbau, na kwa mota hiyo mzee alilisha wake wawili na watoto wao.

Vita vilipoufikia mji, Twalha na mkewe Zulfa walichimba shimo nyuma ya jiko, wakaizungushia mota turubai, wakailaza humo na kupanda mihogo juu yake. Kisha wakakimbilia kambini Metuge, mtoto mchanga mgongoni, wakimshika mkono Bi Haula, mama yake Twalha, ambaye macho yake yalikwisha kuanza kuingia ukungu. Huko kambini kipindupindu kiliingia. Mtoto akafa. Twalha naye alikuwa amelala hoi kwa ugonjwa huohuo, hajijui, na waliomzika mwanawe ni watu ambao hata majina yao hakuyapata.

Waliporudi, nyumba ilikuwa imebaki kuta. Mihogo ilikuwa imekuwa pori. Wakaing'oa, wakachimba, na mota wakaikuta.

Injini haikusumbua sana. Twalha aliisafisha kabureta, akabadilisha plagi, akapiga kiki mpaka goti likavimba, na asubuhi moja ikakohoa, ikatema moshi mweupe, ikanguruma. Taa ndizo zilizokufa, mbele na nyuma. Na bila taa hakuna biashara, kwa maana barabara ya Mbau, kama njia zote za kutoka mjini, ilikuwa na kizuizi cha askari, na askari walikwisha sema kwamba chombo kisicho na taa hakipiti, hata jua likiwa utosini.

Akaanza kuufuata umeme tangu unapozaliwa. Alichukua glopu ndogo, akaifunga nyaya mbili, moja akaigusisha kwenye chuma cha injini, nyingine kwenye waya unaotoka kwenye koili ya taa. Zulfa akapiga kiki. Glopu ikawaka.

"Koili nzima," Twalha akasema. "Ugonjwa uko mbele."

Akaenda nao waya kwa waya. Mwingi ulikuwa umeoza. Ukiukunja, ganda linapukutika na shaba ndani ni kijani kama majani. Akazitoa nyaya zote, akaweka mpya alizozitafuta kipande kipande, nyingine kwenye gari lililoungua njia ya Awasse. Swichi ya usukani aliifungua, akakuta chumvi imeshikana kama ukoko. Akailoweka kwenye mafuta ya taa, akaipiga msasa. Taa ikaja, lakini dhaifu, kama kaa la mwisho. Siku mbili alihangaika nayo. Ni Zulfa, katika kumshikia waya, aliyeugusisha kwenye kikombe cha taa na kwenye fremu kwa pamoja, na taa ikang'aa hadi wakafumba macho. Kumbe kutu ilikuwa imeziba mahali taa inaposhikana na chuma, umeme hauna njia ya kurudi. Akakwangua mpaka chuma kikawa cheupe.

Hapo ndipo alipoizidishia injini mafuta kwa furaha, na glopu ikapasuka. Akaweka nyingine, ikapasuka nayo. Alikaa akiiwaza mpaka akaelewa. Taa ya nyuma ilikuwa bado haijawaka, na mota ile haikuwa na betri ya kumeza umeme uliozidi. Kwa hiyo umeme wa taa mbili ulikuwa ukimiminika wote kwenye moja. Sharti ziwake zote, au zitaungua zote.

Glopu nyingine za volti sita mji mzima hazikuwepo. Twalha akamtumia ujumbe kaka yake Alawi, mtoto wa mke mkubwa wa Mzee Mshamu, ambaye alihamia Mtwara zamani na kufanya biashara ya kuvuka mpaka. Miaka yote ya kambini Alawi hakuwahi kupokea simu zao. Safari hii alijibu siku hiyohiyo.

"Glopu za nini, mdogo wangu?"

Twalha, kwa moyo mweupe, akamweleza yote: shimo, mihogo, maziko ya mtoto, injini, nyaya.

Glopu zikaja na mchuuzi. Jioni ile Twalha alizifunga, Zulfa akapiga kiki, na taa ya mbele ikapiga ukutani na ya nyuma ikawa nyekundu kwenye mchanga. Zulfa alicheka kwa sauti. Tangu Metuge alikuwa hajacheka hivyo.

Kabla wiki haijaisha, Alawi mwenyewe akafika. Aliizunguka mota, akawasha taa, akazima, akawasha tena.

"Umenichimbulia vizuri," akasema.

Siku ya pili yake akamleta Maalim Amisse, wakaketi barazani. Alawi akasema mirathi ya baba haijagawanywa, na yeye amekuja kuchukua chake.

"Basi tugawane, kaka," Twalha akasema. "Ukitaka tuitumie kwa zamu, sina neno."

"Wewe huna cha kugawana." Alawi hakupandisha sauti. "Maalim, mtoto wa nje ya ndoa anarithi?"

"Kwa baba harithi," Maalim akajibu, akiangalia chini. "Lakini neno hilo ni zito, Alawi. Lina ushahidi?"

"Lina. Muulize mama mdogo."

Bi Haula alikuwa ameketi kwenye jamvi, ukili wa mkeka mikononi. Twalha akamgeukia, akingoja acheke, au atukane. Mikono ya mama ikasimama.

"Ni kweli," akasema. "Mshamu alinioa Twalha akiwa anatambaa."

"Mama."

"Nimeulizwa, nimejibu. Na fungu langu la mirathi, ile thumuni ya ujane, nimemwachia Alawi tangu jana. Ananipeleka Mtwara kupasuliwa mtoto wa jicho. Tunaondoka kesho alfajiri, na mota hiyohiyo, tuwahi maji ya kuvukia mto pale Namoto, mpakani."

Twalha alikuwa na miaka arobaini na kitu. Miaka yote hiyo alimwita Mshamu baba, na Mshamu akamwita mwanangu, akamfundisha kazi. Maalim alijikohoza, akasema sheria ni sheria, ila ubinadamu nao upo, ndugu wangeweza kupatana. Ni Zulfa aliyeshindwa kuvumilia.

"Shemeji, tulipokuwa tunaificha, risasi zinalia, wewe ulikuwa wapi? Aliyechimba shimo ni huyu."

Alawi akamtazama kwa utulivu. "Shimo la mota alilichimba. La mwanenu mliwaachia wapita njia."

Zulfa aliinuka, akaingia ndani. Hawakumsikia kulia. Maalim akavaa makubadhi yake, akaaga nusu nusu. Alawi akaenda msikitini kusali alasiri, ufunguo mfukoni.

Twalha akabaki na mota na mama. Akachukua koleo na bisibisi. Akafungua kikombe cha taa ya mbele, akakata. Akafungua swichi, akakata. Akavuta nyaya zote chini ya tangi, moja baada ya nyingine, akazikunja mviringo. Glopu, kwa kuwa zilitumwa na Alawi, aliziweka juu ya kiti zikiwa nzima. Injini hakuigusa. Injini ilikuwa ya marehemu.

Bi Haula alisikia koleo likilia.

"Twalha, unafanya nini?"

"Natoa changu."

"Kesho tunasafiri, mwanangu. Bila taa hatupiti kwenye askari. Macho yangu—"

"Najua."

"Unajua na unakata?"

Akamalizia waya wa taa ya nyuma, akaenda nao ndani kwa mkewe.

Alawi aliporudi hakugombana. Alicheka puani tu, na alfajiri akasimamisha lori linalokwenda Palma, wakampandishia mota juu ya magunia. Bi Haula alikuwa amekwisha oga, amejifunga kanga mpya, kifurushi mapajani.

"Mama mdogo, kwenye lori mtu mzima utaumia," Alawi akamwambia. "Nitatuma gari."

"Lini?"

"Nitatuma."

Alikaa na kifurushi chake barazani mpaka adhuhuri. Gari halikutumwa siku hiyo wala mwezi huo. Habari zilizofika baadaye zilisema mota iliuzwa palepale Palma, kwa mtu aliyetaka injini ya kusukumia maji.

Hawakumfukuza. Zulfa humpikia, humwekea sahani, humwongoza mkono kwenye wali, ila hamsemeshi. Twalha anatengeneza taa za mota za watu mbele ya nyumba, na waendesha mota wa mjini wamemzoea. Mama hukaa karibu yake akisuka ukili kwa kupapasa, kwa kuwa sasa haoni hata mwanga wa mlango. Waliposikia madaktari wa macho wamekuja Pemba, mji mkuu wa jimbo lao, alimwomba ampeleke.

"Sina chombo," Twalha akamwambia, na akaendelea kupiga msasa.

Juzi mteja mmoja mgeni, akingoja glopu ifungwe, alimsalimia mzee wa watu barazani, kisha akamuuliza fundi, "Huyu ndiye mama yako?"

Twalha aliukaza waya kwanza, akauzungushia tepu.

"Ni mjane wa marehemu Mzee Mshamu," akasema. "Piga kiki tuone."