Gari Lisilo na Klachi

Gari lile nililinunua kwa Mwingereza wa mashamba ya miti ya miwati aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Lilikuwa la Kimarekani, refu, na halikuwa na klachi. Gia zilijiingiza zenyewe. Nilimwuliza zinajiingizaje. Akasema ameliendesha miaka minne bila kujua, wala hajapungukiwa kitu.

Jibu hilo lilinikera. Nilikuwa nimerudi Njombe kufundisha, nimetoka chuo kikuu Kampala, na nilikuwa mtu wa kuuliza. Nilimwuliza mchungaji kwa nini mvua tuliyoiombea ilinyesha hata kwa wasioomba. Baba, mkulima na mzee wa kanisa, nilimwuliza mambo ambayo aliyajibu kwa kuchukua jembe na kwenda kupalilia.

Baada ya miezi michache gia zilianza kuteleza. Kwenye kilima injini inanguruma, gari lenyewe linasita. Chini yake nilikuta mafuta mekundu yakivuja. Nikalipeleka Makambako, kwa fundi wa malori pale njia panda. Mafuta mekundu hakuwa nayo.

"Haya ni mazito, mwalimu, ya gia za lori," alisema. "Hilo lako silijui."

Nikamweleza kwamba mafuta mepesi ndiyo yanayovuja, mazito yatakaa. Akalitazama debe lake la mafuta, akanitazama mimi.

"Wewe ndiye uliyesoma," akasema, akamimina.

Ujuzi pekee uliokuwapo katika karakana ile ulikuwa ile shaka yake, nami niliifuta kwa maneno. Alasiri hiyo jua lilikuwa kali, na gari lilinifikisha Njombe vizuri. Nilijisifu.

Wiki iliyofuata baridi ya Juni ilikaza, majani yakaamka na umande ulioganda. Ngiri ya baba, uvimbe wa kinenani aliokuwa nao miaka mingi, ilishuka alfajiri ikakataa kurudi. Akaanza kutapika. Mganga wa zahanati alimpapasa tumbo akasema lazima apasuliwe leo hii, na mtu wa kupasua yuko hospitali ya Ilembula.

Tulimlaza baba kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mama. Niliwasha gari, nikaingiza gia. Halikusogea. Mafuta yale yalikuwa yameganda kama mafuta ya ng'ombe kwenye sufuria. Tulikaa karibu saa nzima tukisubiri injini iyayeyushe, baba akihema, mama akimpangusa jasho, hadi gari likaanza kutambaa.

Makambako tulipita. Tukiwa kwenye kilima cha njia ya Ilembula, harufu ya kuungua ikajaa ndani na gari likasimama. Nilisukuma kile kijiti cha gia mbele, nyuma, mbele tena.

Wanaume wanne waliokuwa wakivuna mahindi walikuja kusukuma.

"Kanyaga klachi, tukishika kasi uachie," alisema mkubwa wao.

"Halina klachi."

Akaingiza kichwa, akachungulia miguuni pangu. Akawageukia wenzake. "Huyu amepunjwa. Mzungu amebaki na klachi yake."

Walicheka, kisha wakasukuma kwa nguvu zote, kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine ya kunisaidia. Nilijua gari la namna hii halisaidiwi kwa kusukumwa, lakini sikuwazuia.

"Waambie waache," baba alisema kwa sauti ndogo. "Wananitikisa tumbo."

Lori la mahindi lilitokea nyuma yetu. Nilikimbilia katikati ya barabara, mikono juu, nikaanza kumweleza dereva habari za gia, mafuta na joto. Akanitazama kama mtu anayeuziwa kitu. Mama akashuka, akakaza kanga, akaenda mlangoni kwake.

"Kamwene," akamsalimia kwa lugha ya kwetu.

"Kamwene, mama."

Akamwuliza habari za nyumbani, za watoto, za mavuno. Dereva akajibu, akamwuliza naye. Nilisimama pale nikitaka kuwakata kauli wote wawili. Mama akamaliza salamu ndipo akasema, "Mume wangu yumo humo, anaumwa." Dereva alikuwa ameshashuka.

Walishusha magunia sita kando ya njia ili baba apate pa kulala.

"Mwalimu, wewe baki," dereva aliniambia. "Haya mahindi si yangu. Nikirudi niyakute."

Nilibaki nikilinda mahindi ya mtu nisiyemjua, kando ya gari ambalo hakuna ambaye angeliiba. Lori liliporudi kesho yake asubuhi, dereva aliniambia baba amepasuliwa. Zaidi ya hapo hakujua. Alifikisha mzigo wake, kisha akanipeleka hospitalini.

Daktari alieleza kwamba kipande cha utumbo kilikuwa kimekufa, amekikata na kuunga. Nilimwuliza kama baba atapona. Akasema utumbo ndio utakaosema: ukianza kufanya kazi, utatoa hewa. Usipotoa, yeye hana la kufanya zaidi.

Kwa hiyo tulisubiri. Siku ya kwanza hakuna. Siku ya pili tumbo la baba lilijaa, akawa hataki kuguswa wala kuombewa kwa sauti. Nilikaa barazani nikisikiliza kila kitanda kilicholia.

Siku ya tatu, mchana, muuguzi alitoka akasimama mbele yangu, mikono ameikunja kwa heshima.

"Mzee ametoa upepo," alisema.

"Una hakika ni yeye?"

"Wodi nzima imesikia, mwalimu. Anaona aibu, amejifunika blanketi."

Mama alikuwa ameshainuka kwenda kuuliza jikoni kama anaweza kupewa uji.